Moyo Mtupu

Wilaya ya Ilemela, huku Mwanza, imekaa baina ya vitu viwili vinavyowalisha watu wake na kuwaua, navyo ni ziwa na barabara. Upande mmoja ni maji ya Nyanza, yenye mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, ambako mitumbwi ya dagaa hutoka magharibi na taa zake na kurejea alfajiri na mzigo wake, au isirejee; upande wa pili ni lami iendayo Musoma kwa kupitia Buzuruga na Nyakato, na lami iendayo uwanja wa ndege kwa njia ya Pasiansi, ambako malori, daladala, bajaji na bodaboda hugombea upana ambao haukupimwa kwa ajili ya wingi wao. Mtu aliyezama na mtu aliyegongwa na gari huletwa mbele ya tabibu wakiwa na hali moja: hawapumui, hawaitiki, na mshipa wa shingo haupigi chini ya kidole. Kwa macho ya jamaa waliowaleta, msiba wao ni mmoja. Kwa tabibu mwenye maarifa si mmoja hata kidogo, na katika tofauti ile ndimo ulimo msingi wa elimu nzima ya kuwarejeza wale ambao mioyo yao imesimama kwa sababu ya majeraha.

Tuanze na maji, kwa kuwa habari yake ni kongwe na ni fupi. Mwaka 1767 wenyeji wa Amsterdam, mji wenye mifereji mingi kama ulivyo na nyumba, waliunda chama cha kuwaokoa waliozama, na mwaka 1774 London ikafuata kwa chama cha namna hiyo hiyo. Na miongoni mwa tiba walizozihimiza mabwana wale waheshimiwa ilikuwamo ya kupuliza moshi wa tumbaku kwa mivukuto katika tupu ya nyuma ya mgonjwa, tiba ambayo leo yatuchekesha, lakini jirani yake palikuwa na nyingine iliyo ya haki kabisa, nayo ni kumpulizia mtu pumzi kinywani. Aliyezama, aghalabu, moyo wake hauna dosari, na damu yake yote imo mwilini kama ilivyokuwamo alipokuwa akivuta nyavu. Alichokosa ni hewa, na moyo ulisimama mwisho, baada ya kudai haki yake na kunyimwa. Ndiyo maana mafundisho ya Ulaya ya zama hizi yanaagiza kwamba aliyezama apewe kwanza pumzi tano, kisha ndipo kifua chake kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi mbili. Na ndiyo maana desturi ya kumning'iniza mtoto kichwa chini, au kumbinya tumbo ili ayatapike maji, ni upotevu wa dakika zisizo na badali.

Watu wa mwambao huu hawahitaji kuhubiriwa juu ya ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama na mamia ya abiria, na makaburi ya Igoma yangalipo kwa atakaye kuyazuru. Shirika la EMEDO, lenye makao Mwanza, limekuwa likiwafundisha wavuvi na watoto wao hadhari za majini, na kazi hiyo yastahili sura yake peke yake. Hapa nimeleta habari ya maji kwa sababu moja tu, kwamba sehemu kubwa ya yale ambayo umma umefundishwa juu ya moyo uliosimama yamewafaa waliozama na wale walioshikwa na ugonjwa wa moyo, na yakachukuliwa bila ya kuulizwa hadi kwa majeruhi, ambako hayakai sawasawa.

Asili ya mafundisho hayo ni Baltimore, Marekani, katika chuo cha Johns Hopkins. Huko alikuwapo mzee mmoja aliyeitwa William Kouwenhoven, ambaye hakuwa tabibu bali mhandisi wa umeme, na pamoja naye kijana Guy Knickerbocker na daktari James Jude. Walikuwa wakitafuta namna ya kuushtua moyo kwa umeme pasipo kupasua kifua, na katika majaribio yao juu ya mbwa, Knickerbocker akatambua jambo ambalo hakulitafuta: kila alipovibonyeza kwa nguvu kifuani vile vyuma vizito vya kupitishia umeme, shinikizo la damu mwilini mwa mbwa lilipanda, ilhali umeme wenyewe haujapita bado. Mwaka 1960 wakatangaza kwamba mikono miwili ya mtu yeyote, ikiwekwa katikati ya kifua na kubonyeza kwa mpango, yaweza kuendesha damu mahali pa moyo uliogoma. Kabla ya hapo tabibu alilazimika kukifungua kifua na kuukamata moyo kwa mkono. Baada ya hapo ufufuo ukatoka katika chumba cha upasuaji ukaingia njiani, sokoni na majumbani, na sidhani kama karne ile ilizaa zawadi nyingi za tiba zilizokuwa na bei ndogo kuliko hiyo.

Lakini zawadi ile ilikuja na sharti ambalo halikuandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Kukandamiza kifua kunasukuma damu iliyomo katika moyo, basi ni lazima damu iwemo. Mtu mzima wa kimo cha wastani ana lita tano hivi za damu, na akipoteza kwa haraka mbili kati ya hizo yu katika hatari kubwa ya mauti. Jeraha la paja lililokata mshipa mkubwa laweza kuzitoa kwa muda mfupi. Nyonga iliyovunjika chini ya gurudumu la lori huzificha ndani ya mwili bila tone kuonekana chini. Bandama iliyopasuka kwa usukani wa pikipiki huzimimina tumboni kimya kimya. Moyo wa majeruhi huyo ni mzima. Umepiga kwa bidii na kwa haraka mpaka dakika ya mwisho, ukijitahidi kugawa kidogo kilichobaki, na hatimaye umeshindwa kwa kuwa hakuna kinachorudi kwake. Atakayemkandamiza kifua mtu wa namna hii ni kama mtu achotaye katika kisima kilichokauka, ambaye kamba yake yashuka na kupanda na mikono yake yachoka, na ndoo yaja juu tupu kama ilivyoshuka.

Kwa muda mrefu jambo hili lilijulikana kwa fikira kuliko kwa ushahidi. Mwaka 2019 wataalamu wa utafiti wa jeshi la Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio juu ya nguruwe waliotiwa usingizi, mnyama ambaye moyo wake hauachani sana na wa binadamu. Wanyama wale walijeruhiwa na kutolewa damu mpaka mapigo yao yakapotea, kisha wengine wakakandamizwa kifua tu, wengine wakapewa damu, na wengine wakapewa vyote viwili. Waliokandamizwa pasipo kupewa kitu hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya wote. Waliopewa damu bila kukandamizwa ndio waliofanikiwa zaidi. Hata kabla ya hapo, mwaka 2015, baraza la Ulaya linalotunga miongozo ya ufufuo lilikuwa limekwisha kubadili agizo lake kuhusu majeruhi: kwao, kuziondoa sababu zilizousimamisha moyo kutangulie kukandamiza kifua. Asidhani msomaji kwamba sasa kukandamiza ni haramu. Apatapo mtu mmoja njiani majeruhi asiyepumua, naye hana chombo wala mwenzi, na akiisha kuzuia damu inayoonekana, basi na akandamize, maana huenda dereva yule moyo wake ulisimama kwa ugonjwa kabla ya gari kuacha njia, na ajali ikawa tokeo wala si chanzo. Linalokatazwa ni kuifanya mikono ya mmoja ikizuie kifua kisifikiwe na mikono ya mwingine aliyekuja kuondoa sababu.

Na sababu zenyewe ni chache, jambo ambalo ni rehema. Damu tumekwisha kuitaja. Ya pili ni kukosa hewa: mtu ameangukia kisogo na ulimi umeziba koo, au kinywa kimejaa damu na meno, au kichwa kimepigwa hata pumzi ikasahau kazi yake, na huyu, tofauti na yule wa kwanza, anafanana sana na aliyezama, na waweza kumrejeza kwa kuifungua njia ya hewa tu, tena wakati mwingine kwa kuuinua utaya na kutoa uchafu kinywani, kazi ambayo kondakta wa daladala aweza kuifanya akifundishwa asubuhi moja. Ya tatu ni hewa iliyonaswa kifuani. Mbavu zikivunjika na kulitoboa pafu, hewa hutoka ndani ya pafu kila mtu anapovuta pumzi na isipate njia ya kurudi, ikazidi na kuzidi, ikalikunja pafu, kisha ikausukuma moyo upande na kuibana mishipa mikubwa irudishayo damu, hata moyo ulio na afya na damu ya kutosha ukawa hauna nafasi ya kujaa. Tiba yake ni tundu. Sindano ndefu na nene ikipenyezwa baina ya mbavu, au bora zaidi tundu la upana wa kidole likikatwa ubavuni chini ya kwapa, hewa hutoka, na moyo ambao dakika iliyopita ulihesabiwa kuwa umekufa hurudi kupiga. Sijui tiba nyingine iliyo na umbali mkubwa namna hiyo kati ya udogo wa kitendo na ukubwa wa tokeo.

Ya nne ni adimu na yatisha. Moyo umevikwa mfuko mwembamba usionyumbuka upesi, na kisu kikipenya hata moyoni, damu huvuja ndani ya mfuko ule na kuubana moyo kwa nje, kiasi kidogo tu kikitosha kuuzuia usijae. Hapa sindano haifai sana, kwa kuwa damu huganda. Pawe na mkono, kisu na ujasiri. Tarehe 9 Septemba 1896, katika mji wa Frankfurt, Ludwig Rehn alikifungua kifua cha kijana aliyechomwa kisu, akaukuta moyo una jeraha, akautia nyuzi tatu za hariri, na kijana akaishi. Na hapo ikavunjika itikadi ya karne nyingi kwamba moyo haushonwi. Karne moja baadaye madaktari warukao kwa helikopta mjini London walilichukua wazo hilo kutoka chumba cha upasuaji wakalipeleka kando ya barabara: kwa majeruhi wa kisu ambaye moyo wake umesimama dakika chache tu, walifungua kifua pale pale chini, wakautoa ule mgando, wakaliziba tundu kwa kidole. Mwaka 2011 walitangaza hesabu yao: katika watu 71 waliofanyiwa hivyo, 13 waliokoka. Kila mmoja katika wale 71 alikuwa maiti kwa kila kipimo cha mtu wa kawaida.

Hesabu hizo zinanileta kwenye ile kauli ya kukata tamaa, iliyokuwa ikisikika katika hospitali nyingi za dunia na ingali ikisikika, kwamba majeruhi aliyesimama moyo asisumbuliwe, amekwisha. Mwaka 2006 madaktari wa London walichapa habari za majeruhi 909 ambao mioyo yao ilikuwa imesimama nje ya hospitali. 68 walitoka hospitalini wakiwa hai, yaani saba na nusu katika kila mia. Mwenye haraka atasema ni wachache. Lakini hesabu hiyo haiachani sana na ya wale waliosimama moyo kwa maradhi katika miji mingi, nao hakuna asemaye waachwe. Aidha, katika wale wanaosemwa kuwa moyo wao umesimama wamo wengi ambao haukusimama: wapiga, ila kwa unyonge ambao kidole cha mpimaji hakiusikii, na mashine ya ultrasaundi ikiwekwa kifuani huonyesha kuta zake zikitikisika juu ya uwazi. Huo ndio moyo mtupu wenyewe, nao waomba damu.

Sasa turudi Ilemela, tusije tukadanganyika na helikopta.

Hapa majeruhi hapelekewi daktari. Majeruhi huchukuliwa, na aghalabu huchukuliwa na yeyote aliyekuwa karibu: jamaa, askari, dereva wa pikapu aliyekuwa akipeleka saruji, au bodaboda mwenzake aliyemlaza baina yake na mtu wa nyuma kama furushi. Mwaka 2012 Phillipo Chalya na madaktari wenzake wa Bugando walichapa uchunguzi wao juu ya majeruhi 1,678 wa ajali za barabarani waliofikishwa katika hospitali ile, na zaidi ya nusu ya ajali hizo zilitokana na pikipiki. Wengi walikuwa wanaume, vijana, watafutaji wa riziki za familia. Bugando yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ndiyo rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, na kutoka Kayenze au Igombe hata kufika mlangoni pake ni safari ya kupita uwanja wa ndege, Pasiansi na Kirumba, kisha kuupenya mji wenyewe. Wale madaktari wa London hawathubutu kukifungua kifua ikiwa robo saa imepita tangu uhai ulipopotea. Basi kwa mtu aliyegongwa mwisho wa wilaya, ambaye moyo wake umesimama njiani, kisu cha Rehn ni hadithi, na nasema hivyo bila ya kumdharau mpasuaji yeyote wa Mwanza, kwa kuwa upungufu si wa mkono wake bali ni wa wakati.

Natoka hapo na rai yangu, ambayo wengine huenda wataiona kuwa ni ndogo kwa kitabu cha tiba: katika nchi yenye masafa kama haya, ufufuo wa majeruhi sharti uanze kabla ya moyo kusimama, nao ni kazi ya raia. Zile sababu tatu za mwanzo hazimshiki mtu kwa ghafla moja. Damu humwacha mtu kwa daraja: kwanza mapigo huongezeka, kisha ngozi hupoa na kulowa jasho, kisha mtu huwa na kiherehere na kiu, akawasukuma wanaomshika na kusema anataka kwenda nyumbani, kisha hutulia, na katika utulivu ule watazamaji hufurahi, husema amepata nafuu, kumbe ndio mlango wa mwisho. Katika daraja zote zile zilizotangulia, kiganja kimoja kilichobonyezwa juu ya jeraha bila kuondolewa kila mara kuchungulia, au kitambaa kipana kilichozungushwa mguuni, upande wa juu wa jeraha, na kukazwa kwa kijiti mpaka damu ikome, kinafanya kazi ambayo lita za dripu haziwezi kuilipa baadaye.

Na raia wa Mwanza wamekwisha kuthibitisha kwamba wanaweza. Shirika la Tanzania Rural Health Movement, likishirikiana na Trek Medics la Marekani, liliwachukua watu wa kawaida, wakiwamo waendesha bodaboda, likawafundisha huduma ya kwanza, na likawaunganisha kwa mpango wa ujumbe wa simu, ambao mtu akiripoti ajali, ujumbe huenda kwa waliofundishwa walio karibu, na wa kwanza kujibu ndiye aendaye. Busara ya mpango huo imo katika kutokuungoja utajiri. Aliyesema tungoje mpaka kila kata ipate gari la wagonjwa lenye kila chombo, amesema maneno mazuri. Lakini bodaboda yupo kijiweni leo, anaijua kila njia ya mlimani baina ya mawe yale ambayo gari haiingii, na katika ajali nyingi yeye ndiye shahidi, na katika nyingine, tuseme kweli, ndiye mwenye ajali. Ng'ambo ya ghuba, Sengerema, mpango ulioitwa baadaye m-mama ulitumia madereva wa kawaida kuwapeleka wajawazito hospitali kwa kupiga namba 115, na mwaka 2022 ukatangazwa kuwa wa taifa zima. Sioni kwa nini mwenye nyonga iliyovunjika asiwe na haki ile ile ya mwenye uchungu wa kuzaa.

Kuna kikwazo ambacho si cha maarifa wala cha fedha. Kwa miaka mingi majeruhi wa Tanzania amekuwa akiulizwa karatasi ya polisi, PF3, na ingawa viongozi wa Serikali wamekariri mara kwa mara kwamba mwenye dharura atibiwe kwanza na karatasi ifuate, woga wa karatasi ungali moyoni mwa watu, hata wapo wanaompitisha majeruhi kituoni kwanza, gari likisimama nje na damu ikitiririka chini ya kiti, ili mambo yawe sawa. Karatasi ile ina kazi yake katika sheria, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Dakika 20 za kungojea muhuri ni zile zile ambazo mwili ulikuwa ukizitumia kumwaga lita ya tatu.

Tukiwa tumefika hospitalini, swali la kwanza ni la damu, nalo ndilo lililo zito kuliko yote katika sura hii. Maji ya chumvi ya dripu hujaza mishipa kwa kitambo, lakini hayabebi hewa, hayagandi, na yakizidi huipooza na kuizimua ile damu kidogo iliyobaki, jambo ambalo vizazi viwili vya madaktari vililifanya kwa nia safi. Damu hurejeshwa kwa damu. Mwanza ina kituo cha damu salama cha kanda, na damu hiyo haitengenezwi na kiwanda chochote. Yatoka katika mikono ya wanafunzi wa sekondari, ambao wakifunga shule chupa hupungua, na ya jamaa walioitwa usiku kumtolea ndugu yao. Nimewaona jamaa wa namna hiyo katika mabenchi ya hospitali zetu, wakibishana kwa heshima nani atangulie, mjomba akimwambia mpwa wake, "Wewe mwanangu kaa, una wanafunzi kesho, mimi nitaanza," na mpwa akijibu, "Hapana mjomba, wewe una presha." Damu wanayoitoa yahitaji kupimwa maradhi kabla ya kutumika, kwa hiyo aliye mahututi saa ile hupewa iliyotolewa zamani na mtu asiyemjua, na yao huwekwa kwa ajili ya mgeni wa wiki ijayo. Kituo cha afya kisicho na chupa mbili tatu za kundi O katika jokofu lake, kwa majeruhi mwenye moyo mtupu, hakina tiba, hata kikiwa na mashine zote.

Ipo dawa moja inayosaidia damu isipotee, nayo ni rahisi hata yashangaza kwamba haimo katika kila zahanati. Utako Okamoto na mumewe Shosuke, wanasayansi wa Japani, waliitangaza dawa ya traneksamiki mwaka 1962. Mama huyo alikuwa akitafuta kinga ya wanawake wanaokufa kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa. Mwaka 2010 uchunguzi mkubwa wa majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40 ulionyesha kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa 14.5 katika mia, na wasiopewa walikufa 16, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopewa ndani ya saa ya kwanza. Baada ya saa tatu faida hugeuka kuwa dhara. Tazama basi jinsi hata dawa inavyorudi kwenye lile lile la wakati.

Tangu hospitali ya Muhimbili ilipofungua idara yake kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na chuo chake kikaanza kuwafundisha mabingwa wa fani hiyo, nchi imepiga hatua ambayo si ya kubezwa. Na baada ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021 majengo ya dharura yamechipuka katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Nafurahi kuyaona. Ila jengo halijui kukata tundu la upana wa kidole chini ya kwapa, na muuguzi wa zamu ya usiku aliyefundishwa kulitambua pafu lililobanwa, kwa kutazama kifua kisichopanda upande mmoja na mishipa ya shingo iliyotuna, ana thamani kuliko vigae.

Limebaki suala la kukoma. Mafundisho yanasema kwamba juhudi zisianzwe ikiwa zaidi ya robo saa imepita bila dalili yoyote ya uhai, au mwili umevunjika kwa namna isiyolingana na uhai. Na zikianzwa zikomeshwe pindi sababu zote zinazoondoleka zimekwisha kuondolewa, kifua kimetobolewa pande zote mbili, hewa imepita, damu imerejeshwa kwa kadiri iliyopo, na ultrasaundi, kama ipo, haionyeshi kutikisika kokote. Tabibu aliyeyatimiza hayo aweza kuwaambia jamaa kwamba ndugu yao hakuachwa. Lakini yote hayo yadhania kwamba majeruhi ni mmoja. Gari la abiria likipinduka Nyakato na majeruhi watatu wakashushwa kwa pamoja katika kituo cha afya chenye muuguzi mmoja na msaidizi wake, hukumu hugeuka: yule ambaye moyo wake umesimama huwekwa kando, ingawa peke yake angehangaikiwa hadi mwisho, anayelia na kuita mama husubiri, maana mwenye sauti bado ana pumzi, na muuguzi aliyefundishwa vema huenda moja kwa moja kwa yule wa tatu, aliyekaa ukutani akisema haumwi sana, ambaye mikono yake ni baridi, paji la uso limelowa, na mapigo yake yamezidi 130 kwa dakika.